Popo wa Mtaani Wana Wenyewe

Mtu anayetaka kuwahesabu tembo wa Mikumi huomba kibali, hupanda gari, na kutwa nzima hakutani na mtu wa kumuuliza amekuja kutafuta nini, ukiacha askari wa getini. Anayetaka kuwahesabu popo wa Morogoro mjini huhitaji kibali hichohicho, kisha huhitaji na ridhaa ya mama anayekaanga maandazi chini ya mti wanaolala. Kibali cha kwanza, kinachopitia mamlaka za utafiti, COSTECH na TAWIRI, kina mhuri na tarehe ya kuisha. Hiki cha pili hakiandikwi popote, na mwenyewe anaweza kukifuta jioni yoyote kwa kusema tu, "Leo sitaki watu hapa."

Hayo niliyajua nikiwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari, si mtafiti. Mradi mmoja ulifika mjini kwetu ukihitaji mtu wa kuwabishia hodi watafiti mtaani, na jina langu likatajwa kwa kuwa nusu ya vijana wa mtaa ule niliwahi kuwafundisha, na nusu nyingine niliwahi kuwatoa nje ya darasa. Mtaa wenyewe sitautaja. Watu wake wameshatembelewa vya kutosha.

Popo ninaowazungumzia ni wale wakubwa wanaokula matunda, wenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu, ambao kitaalamu huitwa Eidolon helvum. Mmoja akitandaza mabawa hufika sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha, na bado uzito wake haufiki nusu kilo. Hawa kwa kawaida hawaingii darini wala hawakai mapangoni. Hulala juu ya miti mirefu, wakining'inia kwa mamia na maelfu, wakigombana na kupiga kelele mchana kutwa, na miti ya mjini wanaipenda. Kampala kuna bonde karibu na Makerere lililopata jina kwa sababu yao, na ni hapo Uganda, katika miaka ya 1960, ambapo Festo Mutere aligundua kwamba jike wa popo huyu akishapata mimba, kiinitete hakijishikizi kwenye tumbo la uzazi papo hapo. Husubiri miezi kadhaa kwanza. Accra wamezoeleka kwenye miti ya Hospitali ya Kijeshi ya 37, na wenyeji husimulia kwamba walimsindikiza chifu mgonjwa aliyelazwa pale, chifu akafariki, nao hadi leo wanamsubiri atoke. Kwa hiyo popo wa mjini si mnyama aliyepotea njia. Ni mkazi wa siku nyingi ambaye hakuna aliyempa namba ya nyumba.

Watafiti waliotangulia kufika walikuwa wa virusi. Njia yao ni nzuri: hutandika turubai chini ya miti kabla ya alfajiri, popo wakirudi kutoka malishoni hukojoa, mkojo hudondokea juu ya plastiki na kufyonzwa kwa mrija mwembamba. Mnyama hashikwi wala haumizwi. Lakini itazame kazi hiyo kwa macho ya mzee anayetoka kwake saa kumi na moja kwenda msikitini. Anaona watu wenye mavazi meupe ya mwili mzima, barakoa na miwani, wamechuchumaa gizani wakikusanya mkojo wa popo kwenye vichupa. Na hii ni nchi yenye kumbukumbu ya Popo Bawa. Mwaka 1995 hofu ya jini huyo ilipoikumba Pemba na Unguja, watu wazima na akili zao walilala nje kwa makundi wakikesha kuzunguka moto, na habari zake zikavuka bahari. Kabla jua halijapanda, mtaa mzima ulikuwa na maelezo yake kuhusu zile chupa, na hakuna hata moja lililokuwa na neno virusi ndani yake.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha mkutano. Niliitwa kama mwenyeji na kama mwalimu, vyeo viwili ambavyo siku hiyo havikunisaidia sana. Kiongozi wa mradi alieleza kwa upole kwamba popo hawa wana faida, kwamba hakuna sababu ya hofu, kwamba utafiti ni kwa manufaa ya jamii. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka mbele kabisa akaomba kusema. "Mwanangu, shukrani. Sasa, kama hawa popo hawana neno, ninyi mbona mmevaa vile? Na kama wana neno, wajukuu zangu wanaookota mapera chini yao mmewavalisha nini?"

Kiongozi akaanza kueleza taratibu za maabara. Bibi akamkatiza: "Maabara sikuuliza."

Nimehudhuria semina kadhaa tangu siku ile, zenye mada ndefu kuhusu kushirikisha jamii, na sijasikia swali lililoligusa jambo hilo kama la bibi yule. Mradi ulikuja na maswali yake mawili: popo wangapi, wana virusi gani. Mtaa nao ulikuwa na yake, yaliyokuwepo muda mrefu kabla ya mradi kufika. Tunda lililong'atwa lioshwe au litupwe? Maji ya simtanki lisilo na kifuniko yanafaa kunywewa? Mti ukatwe au uachwe? Watafiti waliyachukua maswali hayo kuwa wasiwasi wa kutulizwa ili kazi iendelee, ilhali yenyewe yalikuwa utafiti unaosubiri wa kuufanya.

Jambo lililogeuza mkondo lilikuwa dogo. Turubai moja likahamishwa kutoka chini ya miti mikubwa, likatandikwa chini ya mpera wa yule bibi, na bibi mwenyewe akapewa kazi ya kuandikisha, kwa msaada wa mjukuu wake wa darasa la sita, mapera mangapi yameanguka yakiwa na alama za meno. Kisayansi ilikuwa nyongeza ya pembeni. Kimtaa ilikuwa habari kubwa, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wetu mmoja ambaye, akiulizwa wale wa mavazi meupe wanafanya nini, angejibu kwa kuanza na "sisi".

Kuhusu ugonjwa ilibidi tuseme ukweli wote, na ukweli wote una sehemu isiyopendeza. Homa ya Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 2023, ikaua watu sita, simu zilijaa picha za popo na ushauri wa kuwachoma moto. Popo wanaojulikana kubeba Marburg ni wa aina nyingine, wanaolala mapangoni na kwenye migodi. Si hawa wa juu ya miti. Ningeweza kuishia hapo na kushangiliwa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukiongozwa na Alison Peel ulionyesha kwamba hawa wetu, ambao barani kote wanachanganyika kama ukoo mmoja, nao wana dalili za kukutana na virusi, kikiwemo ndugu wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Basi tukasema hivyohivyo: usimshike popo kwa mkono mtupu, aliyeanguka usimwokote, tunda lililong'atwa usile, maji yafunike. Kuna mtu aliniambia baadaye kwamba maelezo yale yalimtia hofu zaidi. Aliongeza kwamba ndiyo maana aliyaamini.

Wale waliotaka moto niliwasimulia habari za mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg humo. Baadaye popo wa mgodini wakaangamizwa, kwa nyavu, kwa kuziba milango. Mwaka 2012 ugonjwa ukalipuka tena eneo hilohilo, na watafiti waliporudi mgodini wakakuta popo wameanza kurejea, wachache kuliko wa kwanza, lakini kiwango cha walioambukizwa kimepanda kutoka asilimia 5 hivi hadi asilimia 13. Ukiwaua wakazi wa zamani, huenda nafasi ikakaliwa na wageni vijana ambao miili yao haijawahi kupambana na kirusi hicho. Hadithi hiyo haikuhitaji mapambo. Fundi seremala mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa ameshatafuta petroli, alinyamaza, kisha akauliza kama kuna faida yoyote ya hawa viumbe ambayo yeye angeiona kwa macho. Nikamwambia kuhusu mvule. Mbegu za mvule ni ndogo kama punje za ulezi, na popo hawa ndio wasambazaji wake wakuu: hula tunda, huruka usiku, na kuziangusha mbali na mti mama. Mtu ambaye maisha yake yote amepiga randa mbao za mvule hahitaji kuelezwa zaidi. Bioanuwai isingemfika.

Hapo niseme neno kuhusu hojaji. Mradi ulikuja nayo imechapwa tayari, na swali la kwanza lilimtaka mkazi aseme anauonaje umuhimu wa bioanuwai katika mtaa wake. Watu wetu ni waungwana; mgeni akiuliza swali, hupewa jibu analolitaka. Karibu wote walisema ni muhimu sana. Tukaifuta, tukaandika badala yake: "Popo wamekuharibia nini mwaka huu?" Majibu yalimwagika. Bati limeoza. Nguo zilizoanikwa zimetiwa madoa. Mapapai yameliwa yote. Mtoto mchanga halali kwa kelele. Baada ya kumwaga malalamiko ndipo mtu, bila kuulizwa, husema na mengine: kwamba popo wakipungua anajua msimu umegeuka, kwamba marehemu baba yake alikuwa akiwatazama wakiondoka kila jioni, kwamba kuna mwaka hawakuja kabisa. Kile tulichokuwa tukikitafuta kwa hojaji kilikaa nyuma ya malalamiko, na hakuna njia ya kukifikia bila kuyapitia.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya jioni: wahesabuji hujigawa kuzunguka miti, kila mmoja na upande wake wa anga, na giza linapoanza kuingia popo hutoka kwa mkondo kama moshi unaokatika na kuunganika tena. Mwanzoni unahesabu mmojammoja, ukibonyeza kidude cha mkononi; mkondo ukinenepa unahesabu kwa makumi. Ya pili ni ya asubuhi, wakiwa wamelala: unahesabu vishada kwenye kila mti, unachagua vichache vinavyoonekana vizuri, unahesabu popo waliomo, unapata wastani na kuzidisha. Njia hizi hazilingani kamwe, na tofauti yake ndiyo inayokuonyesha umekosea kiasi gani.

Watafiti walidhani wahesabuji wazuri watakuwa wanafunzi wa chuo. Waliokuja kuwa wazuri kuliko wote ni vijana wa bodaboda. Kijiwe chao kilikuwa mita chache kutoka kwenye miti, jioni wanakuwepo hata bila kuitwa, na macho yao yamezoea kukadiria vitu vinavyokuja kwa kasi kutoka pande zote wakati mwanga ni hafifu. Tena wao ndio waliojua popo wanaelekea wapi. Mtafiti akiwa bado anafikiria kifaa cha kuwafuatilia, kijana mmoja akataja, kwa majina ya wenye viwanja, miembe na mipera yote aliyokuta popo wakila alipokuwa akirudisha abiria usiku. Tuliizungukia tukiwa na tochi. Alikuwa sahihi kwa karibu yote.

Mama wa maandazi alijua jambo jingine. Ratiba ya mradi ilipanga mwanzo wa kuhesabu kwa saa ya kuzama jua, iliyochukuliwa kutoka kwenye jedwali. Yeye akasema siku ya mawingu mtawakosa wa kwanza, maana hutangulia. Karai lake la mafuta alilihamishia chini ya mwavuli kabla hawajaanza kuruka, kwa sababu zinazoeleweka, na kwa miaka mingi alikuwa amejifunza kuusoma mwanga kwa faida ya biashara yake. Tukaacha jedwali, tukalifuata karai. Mlinzi wa duka la jirani naye ndiye aliyetuambia saa za kurudi. Hakuna mtafiti aliyekuwa tayari kukesha ili kuzijua, na yeye alishalipwa kukesha na mtu mwingine.

Lakini kikundi kile cha jioni, nilipokitazama vizuri, kilikuwa cha wanaume watupu, ukimwacha mama wa maandazi ambaye kazi yake ilikuwa palepale. Hakuna aliyewakataza wanawake. Saa kumi na mbili jioni ni saa ya jiko, ya kuogesha watoto, na mradi ulikuwa umechagua saa hiyo kwa ajili ya popo bila kuona kwamba umechagua na watu pia. Tulipoongeza hesabu ya asubuhi, baada ya watoto kwenda shule, wanawake walijaa, na vishada vikawa vyao. Kumbukumbu za matunda pia zikawa zao. Leo nikisoma taarifa ya utafiti wowote wa wanyama wa mjini inayosema jamii ilishirikishwa, jambo la kwanza ninalolitafuta ni saa ya kazi.

Simu nazo zilijaribiwa. Kuna programu ya iNaturalist, iliyoanza 2008, ambapo mtu hupiga picha ya kiumbe na wengine duniani humsaidia kukitambua. Na tangu 2016, Los Angeles na San Francisco zilipoanza kushindana nani ataona viumbe wengi zaidi, miji mingi imejiunga na mashindano ya kila mwaka. Ni kazi nzuri. Kwetu iligonga mwamba wa bando. Tena picha ya popo jioni kwa simu ya kawaida ni doa jeusi juu ya doa jeusi. Kilichoshinda ni kaunta buku lenye jalada gumu, lililotundikwa kwa kamba pale kijiweni, ambalo yeyote angeweza kulifungua na kuona jana nani aliandika nini. Uwazi huo ulifanya kazi ambayo msimamizi asingeiweza. Mtu aliyeandika namba ya ajabu aliulizwa na wenzake kabla ya mtafiti kuiona, na aliulizwa kwa utani mkali kiasi kwamba kesho yake alihesabu kwa makini.

Kuhusu posho sina haya ya kusema. Miradi mingi hutaka wakazi wafanye kazi kwa moyo, na wanaowaambia hivyo wamelipiwa hoteli, mafuta na fedha ya kujikimu. Mkazi hupewa soda na biskuti, akiuliza anaambiwa hana mwamko. Vijana wa kijiwe wanaishi kwa hesabu ya siku; kila jioni aliyokaa akitazama juu ni abiria aliowaacha. Mradi ulipokubali kulipa, mtu mmoja kutoka ofisini alipendekeza malipo yaendane na idadi ya popo waliohesabiwa, ili kutia bidii. Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Tukakubaliana walipwe kwa jioni, popo wawepo wasiwepo, na jioni ya sifuri ilipwe sawa na jioni ya maelfu. Sifuri ni taarifa. Popo hawa huhama. Kila mwaka kuanzia Oktoba mamilioni yao hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu huko Kasanka, Zambia, hadi Desemba, na mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti alifuatiliwa akisafiri zaidi ya kilomita 2,500. Ukitaka kujua wanaondoka lini Morogoro, unahitaji mtu ambaye yuko tayari kukaa chini ya mti mtupu na kuandika kwamba ni mtupu.

Siku moja mgeni kutoka Pemba alituletea habari za Kidike, na ndizo zilizowafanya watu wetu wajione hawako peke yao. Popo wa Pemba ni aina ya pekee, haipatikani mahali pengine popote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba wamebaki wachache mno, kwa kuwindwa kwa ajili ya nyama na kwa kukatwa misitu. Mwaka 1996 waliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, Kidike ikawa maarufu kwa kupokea wageni wanaolipa kuja kuwatazama, na hesabu zilizofuata zilikadiria karibu popo 20,000 kisiwani. Mtaa wetu uliisikiliza hadithi hiyo kwa namna yake. Vijana waliuliza kiingilio ni shilingi ngapi. Wazee waliuliza kama nyama yao ilikuwa tamu.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo semina hazilisemi. Ukimfundisha mtu kuhesabu, hesabu inakuwa yake, na ataitumia atakavyo.

Baada ya kaunta buku la pili kujaa, wakazi wa nyumba zilizo chini ya miti walilibeba hadi ofisi ya kata. Walikuwa na hoja iliyopangwa vizuri kuliko barua nyingi za wasomi nilizopata kuzisoma: miezi ambayo popo ni wengi ndiyo miezi ambayo mabati yamechafuka zaidi na maji ya mvua hayafai kukingwa, na ushahidi uko hapa, umeandikwa kila jioni na watu wenye majina. Waliomba miti ikatwe. Kiongozi wa mradi alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa. Yaani tumewapa vifaa na mafunzo ili waje kuwafukuza popo?

Nilimjibu kwamba ndiyo, hilo nalo limo. Mti ule umesimama kwenye kiwanja cha familia, bati ni la familia, na miaka yote waliyowavumilia popo hakuna mtu wa uhifadhi aliyekuja kulipia hata msumari. Ukishirikisha watu kwa sharti kwamba mwisho wataunga mkono ulichokuwa umekiamua, hujawashirikisha. Umewaajiri kwa bei nafuu. Hakupenda jibu hilo. Mimi nilikuwa na wasiwasi kama wake, ila sikuuonyesha, maana nilijua kilichomo ndani ya lile kaunta buku kuliko yeye.

Kwenye mkutano wa mtaa miti haikukatwa, wala haikuachwa kama ilivyokuwa. Aliyeanza kuibadili hoja ni mmoja wa wale wanawake wa vishada. Alifungua kurasa za asubuhi, akaonyesha miezi ambayo walikuwa wameandika "wanyonyeshao", yaani majike wenye mtoto kifuani. Popo hawa huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na mtoto huyo hawezi kuruka. Ukikata mti wakati ule, alisema, watoto watadondoka barazani kwenu kwa mamia, na sheria yetu wenyewe inasema aliyedondoka haokotwi. Nani atakaa na harufu? Haikuwa hoja ya huruma, ingawa nadhani huruma ilikuwemo. Fundi seremala akapanda juu ya hoja hiyo na ya kwake: matawi yaliyo juu ya mapaa ni manne makubwa, hayo yakipogolewa wakati watoto wameshakua, bati litapona na mti utabaki. Wakabishana kuhusu nani atalipa mtu wa kupanda na msumeno. Wakakubaliana nusu mradi, nusu wenye nyumba. Kiongozi wa mradi alilipa bila neno.

Matawi yakakatwa wakati uliopangwa. Baadhi ya popo wakabaki. Wengine wakahamia kwenye mikaratusi ya shule ya msingi iliyo upande wa pili wa barabara. Mwalimu mkuu akaja juu, na alikuwa na haki. Safari hii hakuitwa mtafiti. Walikwenda mama wa maandazi, mlinzi na kijana mmoja wa bodaboda, na kaunta buku lao. Mwalimu mkuu akawasikiliza, akatoa masharti mawili: simtanki la shule lifunikwe kabla ya jambo jingine lolote, na wanafunzi wa klabu ya mazingira ndio wahesabu, kwa kuwa miti ni ya shule.

Kifuniko kilinunuliwa wiki hiyohiyo. La pili lilikubaliwa kwa marekebisho, maana wazazi hawakutaka watoto wabaki shuleni hadi giza: wanafunzi wanahesabu vishada asubuhi kabla ya kengele, wakiwa upande wa uwanja na si chini ya miti, pamoja na mtu mzima mmoja kutoka kikundi cha mtaa. Kijana wa bodaboda aliyepangiwa zamu hiyo amelalamika kwamba asubuhi ndiyo saa yake ya abiria, na anataka posho ipandishwe. Mradi unasema bajeti imefungwa. Yeye anasema popo hawajafunga.